Kuingiza kebo za antena ndani bila kuleta maji, radi wala ugomvi na mama mwenye nyumba

Ukimkuta mtu anaanza redio ya ridhaa (ile ya kuwasiliana kwa kujifurahisha, sio biashara) hapa Dar, muulize habari ya antena, atakuhadithia mpaka jioni: dipoli (antena ya waya) ya mawimbi ya mita 20, antena ya wima ya VHF (masafa ya juu), mlingoti wa paipu za bomba alizounganisha na fundi wa kuchomelea, yote. Afu muulize, sasa hiyo kebo inaingiaje ndani? Atakujibu "si dirishani tu". Na mi nilikuwa hivohivo. Enzi hizo nimepanga Tabata, chumba na sebule, nikapitisha kebo nyembamba aina ya RG-58 kwenye kona ya dirisha la aluminiamu, nikachana nyavu kidogo, mbu wakapata njia lakini nikasema si kitu chandarua kipo. Masika yakafika. Usiku mmoja mvua imepiga toka saa nne mpaka alfajiri, naamka nakuta maji yamefuata kebo kutoka juu ya bati, yakapita dirishani, yakashuka ukutani, yakafuata tena kebo mpaka mgongoni mwa redio, na pawa saplai imekaa sakafuni katikati ya kidimbwi. Haikulipuka kwa sababu umeme ulikuwa umekatika, yani siku hiyo ndo mara ya kwanza kukatika umeme kumenifurahisha.

Kwa hiyo hapa naongelea kile kipande cha mita moja au mbili tu, pale kebo inapoacha nje ikaingia ndani. Leseni ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) na namba yako ya kituo inayoanza na 5H nachukulia unazo tayari au uko njiani kuzipata, na antena yako iko juu. Kwa mji wetu huu adui wa kwanza pale mlangoni ni maji, wa pili radi, wa tatu panya na kunguru. Habari za desibeli, yani kipimo cha nguvu inayopotea kwenye kebo, zinakuja baadae sana.

Kitu cha kwanza, kabla hujanunua hata mita moja ya kebo, zunguka nyumba. Tafuta mita ya LUKU iko wapi na ethi rodi ya nyumba (ile fimbo ya kupeleka umeme ardhini) imezamishwa wapi, maana ukiweza kuweka chumba cha redio upande huohuo kazi yako imepungua nusu. Angalia maji ya paa yanamwagika wapi. Angalia nyaya za umeme za barabarani zinapita wapi, na hapa sitanii, mlingoti wako ukianguka na antena yake juu, hata ukianguka upande mbaya kabisa, usiweze kuzigusa hizo nyaya, kama unaweza kuzigusa basi hamisha mlingoti, habari ya kebo tutaongea baadae.

Afu chagua sehemu MOJA ya kuingilia. Moja. Watu wanapenda hii ya HF (mawimbi mafupi) ipite dirishani, ya VHF ipite juu ya silingi bodi, ya GPS ipite mlangoni, mwisho wa siku nyumba imekuwa kama kiota cha kunguru na radi ikija ina milango mitatu. Zote ziingie pamoja, na ziingie chini, sio juu. Kebo ishuke toka mlingotini mpaka karibu na ardhi, pale chini ikutane na ethi, ndo igeuke kuingia ndani. Mi naweka tundu kama sentimita 40 toka chini, juu kidogo ya msingi ili matope ya mvua yasirukie, ila kama unakaa mabondeni ambako maji yanaingia mpaka uani basi panda juu zaidi, we mwenyewe unajua mstari wa maji ya mwaka gani uko wapi kwenye ukuta wako.

Njia ya kupitia darini siipendi, nasema kabisa. Kule juu chini ya bati mchana ni tanuri, panya wanafanya mazoezi ya meno kwenye ganda la kebo, nyaya za umeme za nyumba zimelala juu ya kenchi bila mpangilio, na ukitoboa bati umejitafutia kuvuja maisha yako yote. Kama huna namna, toboa kwenye mgongo wa bati, usitoboe kwenye bonde maana bondeni ndo maji yanapita, na umalizie na mpira chini ya kebo. Lakini jaribu kwanza njia nyingine.

Sasa wapangaji. Mpangaji haruhusiwi kutoboa na hata ukiruhusiwa leo siku ya kuhama utakumbushwa. Mi nilijaribu, nikaenda na shikamoo yangu vizuri, "shikamoo mama, naomba kutoboa katundu kadogo tu pale nyuma". Akaniangalia. "Marahaba mwanangu. Katundu kadogo kama ka nani?" Nikaonyesha kidole gumba. "Na yule mpangaji wa king'amuzi nae alisema ka kidole, njoo uone." Akanipeleka kunionyesha, kweli bwana, tundu la kupitisha paka. Ikabidi nitafute akili nyingine.

Akili ya kwanza, tundu la AC. Kama chumba kina AC ya kutenganisha (split), au iliwahi kuwepo ikang'olewa, ukutani kuna tundu tayari, na fundi kama alikuwa fundi kweli amelilaza likiinamia nje ili maji ya AC yatoke, ndo mteremko huohuo unaoutaka. Kebo mbili nyembamba zinapita pembeni ya mabomba bila shida. Toa ile gundi laini nyeupe iliyozibia, pitisha, rudisha gundi. Kwa wanaokaa maghorofani hii mara nyingi ndo njia pekee ya heshima.

Akili ya pili, kibao cha dirisha. Madirisha yetu mengi ni ya aluminiamu ya kusukuma, kwa hiyo unafungua kioo sentimita kumi, unasimamisha kwenye reli kipande chembamba chenye urefu wa dirisha, afu unarudisha kioo kije kukibana. Fundi wa aluminiamu yuko kila kona ya mji huu, mpelekee vipimo akukatie kipande bapa kutoka kwenye mabaki yake. Kwenye kipande hicho unatoboa na kufunga zile konekta za ukutani za kike pande zote mbili, SO-239 ndefu yenye nati, moja kwa kila antena na moja ya akiba. Nje unafunga plagi ya kebo ya antena, ile PL-259, ndani unafunga kakebo kafupi ka kwenda kwenye redio. Kipande kikiwa cha chuma faida yake unaweza kukiunganisha na ethi moja kwa moja na konekta zote zikapata ethi hapohapo. Wengine wanatumia mbao, sawa, ipake rangi tu, na hapo kila konekta utaitafutia ethi yake. Tatizo la kibao ni kwamba komeo la dirisha halifiki tena, kwa hiyo weka kijiti kwenye reli kama tunavyofanya wote, na grili si ipo. Pembeni ziba na sponji ili mbu wasione mlango. Konekta ziweke upande wa chini wa kibao, karibu na fremu ya chini ya dirisha, kebo ishuke nje iende chini kabisa halafu ipande kuja dirishani. Ikija kutoka juu moja kwa moja utapata bomba langu la Tabata.

Zipo pia zile kebo bapa za kupitisha chini ya dirisha lililofungwa. Nilitumia moja. Kwa kusikiliza na kwa nguvu ndogo inafaa, ila kila ukifungua na kufunga dirisha inakunjwa palepale mpaka inakatika kimyakimya, na kwenye VHF inakula nguvu. Ya dharura ile.

Ukishakuwa kwako, umehamia Goba huko au Kigamboni, ndo unatoboa ukuta kama binadamu. Ukuta wa tofali za inchi sita ukiweka na plasta pande mbili unakaribia sentimita 18 hadi 20, kwa hiyo biti fupi ya kwenye seti haifiki, tafuta ya zege ndefu, sentimita 30 na zaidi, na drili ya kugonga. Usitoboe juu kabisa usawa wa linta, kule kuna nondo utaua biti bure. Usitoboe juu wala chini ya swichi au soketi kwa mstari wa wima, ndani ya plasta kuna nyaya zinapanda na kushuka humohumo. Zima umeme kwenye meni swichi, tumia drili ya betri au kodi jenereta, au basi zima saketi za chumba hicho uchukue umeme chumba kingine.

Toboa ukiwa ndani, drili ikiinama kidogo kuelekea nje. Tundu lote literemke kwenda nje, hata sentimita moja au mbili inatosha, maji hayajui kupanda. Ukiwa huna biti kubwa toboa vitundu vingi vya duara kwa biti ndogo halafu malizia na tindo na nyundo, ndo mafundi wetu wanavyofanya na linatoka safi tu ukiwa na subira. Ukubwa wa tundu: PL-259 ina unene wa kama milimita 18, kwa hiyo tundu la kidole halipitishi kebo iliyokwisha fungwa plagi. Weka paipu ya PVC ya inchi moja na nusu au mbili kupita ukuta mzima, zungushia simenti, na nje funga elbo inayoangalia chini. Utaona kubwa leo ila utanishukuru ukitaka kuongeza kebo ya nne. Mi nilibana nikaweka ya inchi moja, mwaka wa pili nikarudia kutoboa, vumbi jekundu la tofali mpaka kwenye sufuria, mke wangu hajasahau.

Ndani ya paipu ukishapitisha kebo ziba na sponji iliyobanwa, na mdomo wa nje funika na kipande cha nyavu ya chuma ukibane na kebo tai. Usizibe na simenti, lazima utafungua tena. Usitumie lile sponji la chuma la kusugulia sufuria, kwa chumvi ya hewa yetu, hasa Mbezi Beach na Kigamboni, linageuka kutu inayochuruzika ukutani kama damu.

Sasa tumbo la kebo. Kabla kebo haijaingia kwenye elbo iache ining'inie chini kuliko tundu kwa kama sentimita 15 au 20, halafu ndo ipande kuingia. Maji yanayofuata kebo yakifika chini ya tumbo yanadondoka, hayana pa kwenda. Ni kitu cha bure kabisa na ndo kitu ambacho ningekijua Tabata nisingeandika haya yote. Mkunjo wake usiwe mkali, kebo nene aina ya RG-213 ina unene wa milimita 10 hivi, mi nakunja duara lisilopungua sahani ya wali, ukiikunja kama waya wa pasi ule waya wa katikati unahama taratibu ndani ya plastiki na siku moja unagusana na nyavu ya kopa inayouzunguka.

Konekta za nje. PL-259 haizuii maji, hata ile ya kung'aa, hata aliyekuuzia akiapa. Maji yakishaingia kwenye ile nyavu ya kopa yanasafiri ndani kwa ndani kama mafuta kwenye utambi, mita na mita, kopa inageuka nyeusi, na kebo hiyo ni ya kutupa. Kwa hiyo unafunga hivi: kwanza safu ya tepu nyeusi ya umeme, halafu ile tepu ya mpira inayojishika yenyewe, ivute mpaka iwe nyembamba ndo uzungushe, halafu juu yake tepu nyeusi tena kuikinga na jua. Safu ya mwisho anza chini ukipanda juu, kama makuti yanavyoezekwa, kila mzunguko ufunike wa chini yake, ukianzia juu kwenda chini umetengeneza vimifuko vya kukingia mvua. Silikoni inayonuka siki usiipake kwenye konekta, ile harufu ni asidi na inakula kopa. Pembeni ya paipu ukutani paka tu.

Na kunguru. Sijui nchi nyingine, ila hawa kunguru wa Dar wanafungua tepu. Nimekaa barazani na chai namwangalia mmoja anavuta ncha ya tepu kama anafungua zawadi. Mwisho wa tepu usiuache wazi, bana na kebo tai, zile nyeusi, nyeupe jua la huku linazimaliza zinavunjika kama tambi kavu.

Tuje kwenye radi. Kwetu pwani radi si kama za kanda ya ziwa, lakini masika na vuli zinakuja, na haihitaji ikupige we, ikipiga karibu tu kebo yako ndefu inaokota volti za kutosha kuua redio. Pale nje chini, kabla ya kuingia ndani, weka aresta ya gesi (kifaa cha kumwaga volti za radi kwenye ethi) kwa kila kebo, zote zikae kwenye kipande kimoja cha shaba au aluminiamu, na hicho kipande kiende kwenye ethi rodi kwa waya mnene wa kopa, mi nimetumia wa milimita za mraba 16, mfupi na ulionyooka kadri inavyowezekana bila kona kali. Radi haipendi kona, ukimkunjia waya yeye anakata njia ya mkato na njia ya mkato ni redio.

Ila kuna kosa ambalo naliona kila nikitembelea mtu: anazamisha ethi rodi yake mpya ya redio, anafurahi, anaiacha peke yake haijaunganishwa na ethi ya umeme wa nyumba. Radi ikitua karibu, ethi moja inapanda volti, ile nyingine haijapanda, na kitu pekee kinachoziunganisha ni redio yako, upande mmoja kebo ya antena upande mwingine waya wa umeme. Yani umejenga daraja halafu umeliweka mezani. Ziunganishe hizo ethi mbili kwa waya mnene huko nje, na kazi hiyo mwite fundi umeme mwenye leseni akufanyie. Waya huo ufiche ndani ya paipu ya PVC na uufukie, maana kopa iliyo wazi mji huu haikai, vijana wa vyuma chakavu wanapita na macho yao.

Na aresta haikufanyi mganga. Wingu likijikusanya chomoa kebo, na uchomolee kule nje au pale kebo inapoingilia, sio uchomoe nyuma ya redio uiache imelala kwenye zulia karibu na miguu ya watoto.

Kebo gani? Nimeahidi itakuja mwisho. Kwa HF, mawimbi ya mita 40 au 20, RG-58 yenye urefu wa mita 30 inapoteza kidogo tu huwezi kujuta. Kwa VHF ndo pabaya: mita 30 za RG-58 kwenye 145 MHz zinakula kama desibeli 6, yani ukisukuma wati 50 huko juu zinafika kama 12. RG-213 urefu huohuo inakula nusu yake kwa desibeli, zinafika kama wati 25. Ile kebo ya king'amuzi ya omu 75 inafanya kazi kwenye dipoli ila nyavu yake mara nyingi ni aluminiamu haishiki risasi ya kuchomelea, utapoteza jioni nzima. Ukienda Kariakoo beba kisu kidogo na sumaku, omba kumenya ncha, nyavu ikiwa chache mpaka unaona plastiki nyeupe chini yake, au waya wa katikati ukivutwa na sumaku, acha, hata kama imechapwa RG-58 kwa maandishi makubwa.

Na usidanganywe na SWR, kile kipimo cha nguvu inayorudi toka kwenye antena, ambacho kikikaribia 1 ndo kizuri. Hili limenichukua muda kulielewa. Kebo mbovu au iliyoingia maji inakula nguvu ikienda na inakula tena ile inayorudi, kwa hiyo mita yako huku ndani inaona kinachorudi ni kidogo inakwambia mambo safi. Ile RG-58 ya desibeli 6, hata ukiing'oa antena kabisa kule juu, mita itakuonyesha kama 1.7, utasema antena nzuri kumbe antena haipo. Ukiona SWR imekuwa nzuri zaidi kuliko mwaka jana bila kugusa kitu, usishangilie, panda ukaangalie. Kwa kupima kebo yenyewe, ichomoe pande zote mbili, weka multimita kwenye omu, waya mmoja kwenye kopa ya katikati mwingine kwenye nyavu, isisome chochote, halafu unganisha ncha ya mbali kwa kipande cha waya isome karibu na sifuri. Ukipata mtu wa kukuazima NanoVNA, kakipimio kadogo ka antena na kebo, ndo raha zaidi.

Ndani kumebaki kidogo. Kama kipaza sauti kinakuuma mdomo ukiongea, au spika za sabufa zinaongea na we, zungusha kebo mara tano sita kwenye pete ya feraiti (ile nyeusi inayozuia mawimbi yasifuate kebo kuja ndani) palepale inapoingilia. Kila kebo iandike jina pande zote mbili, nje na ndani, kwa maka halafu juu yake tepu ya uwazi, maana usiku wa radi na tochi ya simu mdomoni RG-213 zote zinafanana. Na kabla hujaziba paipu acha humo uzi wa nailoni umefungwa ncha zote mbili, mrefu mara mbili ya paipu, siku ya kebo mpya unaifunga kwenye uzi unavuta, nusu ya uzi inabaki humohumo kwa ajili ya kebo itakayofuata.